Ngazi ni ya kupandia, kazi itafutiwe mahali pengine

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie aina ya ajali ambayo haipewi uzito unaostahili katika viwanda vyetu, nayo ni ile ya mafundi wa matengenezo kuanguka kutoka kwenye ngazi. Boila ikilipuka au ghala likishika moto, waandishi wa habari hufika, wakubwa hutoa rambirambi na wabunge huuliza maswali bungeni. Lakini fundi akianguka mita tatu au nne akiwa anabadilisha beringi, hubebwa kwa gari la kampuni hadi hospitali, fomu ikajazwa, na kabla zamu ya usiku haijaingia mtambo huwa umekwisha kuwashwa. Kwa kuwa mafundi hawa huanguka mmoja mmoja, leo Changamwe, kesho Athi River, mwezi ujao Thika au katika kiwanda cha sukari huko magharibi mwa Kenya, ni vigumu kwa umma kuona kwamba hii ni ajali moja inayojirudia kwa sababu zilezile.

Nimefanya kazi ya ufundi mitambo viwandani hapa Mombasa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza nikiwa mwanagenzi na mwishowe nikiwa msimamizi wa karakana. Katika fomu za ajali nilizopata kuzisoma, pale palipotakiwa kuandikwa chanzo, lililotawala ni neno uzembe na ndugu zake: fundi hakuwa makini, fundi alijinyoosha kupita kiasi, fundi hakushika ngazi vizuri. Likishaandikwa neno hilo, uchunguzi umekwisha. Hoja yangu ni kwamba fundi anayeanguka kutoka kwenye ngazi, mara nyingi, alikwisha kuangushwa na maamuzi yaliyopitishwa ofisini na stoo kabla hajaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, na kwamba tusipoyagusa maamuzi hayo, mabango yote tutakayobandika ukutani yatabaki kuwa mapambo.

Nitatoa mfano mmoja, bila kukitaja kiwanda wala mhusika. Kilikuwa kiwanda cha kusaga nafaka, na kazi yenyewe ilikuwa kufungua kifuniko cha kiungio cha mota kwenye ukanda wa kusafirishia nafaka, karibu mita nne kutoka sakafuni. Mtambo ulikuwa umesimamishwa kwa saa mbili tu, kwa sababu meli ilikuwa bandarini na malori yalikuwa yamepanga foleni hadi nje ya lango. Kijana aliyepewa kazi alikuwa wa mkandarasi, si mwajiriwa wa kiwanda. Aliichukua ngazi ya alumini iliyokuwa nyuma ya mlango wa stoo, ambayo ndiyo pekee mtu angeweza kuichukua bila kusainiwa karatasi, akaiegemeza kwenye bomba la mviringo kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuiegemeza. Sakafu ilikuwa na utando mwembamba wa unga, ule ambao ukiukanyaga hukutelezesha kama sabuni. Mwenzake aliyeshika ngazi chini alitumwa akalete spana ya saizi nyingine. Kijana aliposita, msimamizi wake alimwambia, "Panda tu kijana wangu, ni kazi ya dakika tano." Akajibu, "Haya, mzee," akapanda.

Nati ilikuwa imeganda kwa kutu. Aliivuta kwa mkono mmoja ikakataa, ndipo akaiachia ngazi na kuivuta kwa mikono yote miwili huku magoti yake yamekazwa kwenye kidato. Nati ilipoachia ghafla, nguvu yote aliyokuwa akivutia ilimrudia mwenyewe na kumtupa nyuma, ncha ya ngazi ikazunguka kwenye bomba, mguu wa chini ukateleza. Kofia yake ngumu haikuwa na kamba ya kidevuni, hivyo ilimvuka angali hewani, na kichwa kikaikuta saruji kikiwa kitupu. Baada ya dakika chache aliinuka, akaketi, akanywa maji, akasema yuko sawa, akataka hata kuimalizia kazi. Jioni alianza kutapika na maneno yake yakawa hayaeleweki. Madaktari wa upasuaji waliyaokoa maisha yake, lakini hakurudi tena katika ufundi. Kwenye fomu iliandikwa kwamba alijinyoosha kupita kiasi.

Sasa na tujiulize ni nani aliyezembea. Kiungio kile kilikuwa kikifunguliwa kila baada ya miezi michache, na kila aliyehusika na mtambo ule alijua hivyo tangu siku uliposimikwa. Aliyeununua mtambo alijua, au alipaswa kujua, kwamba mota haiwezi kukaa miaka mingi bila kuguswa na binadamu, na hata hivyo hakulipia jukwaa la kumfikisha binadamu huyo pale juu. Aliyepanga ratiba alihesabu muda wa kufungua nati lakini hakuhesabu muda wa kufunga jukwaa la muda. Jukwaa la magurudumu lenye kingo lilikuwepo ghalani, ila lilihitaji barua ya maombi, saini ya ofisa na watu wanne wa kulisukuma, ilhali ngazi ilihitaji mkono mmoja. Ukiuweka mpangilio wa namna hiyo, kisha ukampa mtu saa mbili, umekwisha kumchagulia kifaa atakachotumia. Kijana yule hakuchagua ngazi kwa ukaidi. Aliichukua kwa sababu ndiyo iliyopatikana.

Hapa naomba niingie kidogo katika ufundi wenyewe, kwa sababu watu wengi, hata wasimamizi, wanaielewa ngazi vibaya. Fundi akishaegemeza ngazi huijaribu kwa kurukaruka kwenye kidato cha chini, na ikitulia hupanda kwa imani. Jaribio hilo halimwambii lolote la maana. Mtu akiwa chini, uzito wake huigandamiza miguu ya ngazi sakafuni na kuizuia isiteleze; kadiri anavyopanda, ndivyo uzito huohuo unavyozidi kuisukuma miguu ile itoke nje. Ngazi iliyosimama kwa uwiano wa moja kwa nne, yaani mguu ukiwa mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kimo, huwa na mwinamo wa digrii 75 hivi, na mtu akifika juu kabisa msukumo wa kutelezesha mguu huwa kama robo ya uzito wake. Ilaze ngazi hiyohiyo hadi digrii 60, na msukumo huo hupita nusu ya uzito wake. Hii ndiyo sababu ngazi hutulia wakati wote ambapo kuanguka kusingemdhuru mtu, kisha huteleza amefika mahali pa kumvunja mgongo.

Kanuni hiyo ya moja kwa nne inafundishwa katika vyuo vyetu vya ufundi na wanafunzi huijua kwa moyo. Shida ni kwamba kiwandani nafasi ya kuitekeleza mara nyingi haipo. Njia kati ya mashine na mashine huwa nyembamba, chini kuna mfereji wa maji machafu au plinthi, yaani msingi ulioinuliwa, ya zege ya mota nyingine, na mahali unapotaka kuegemeza ni bomba la mvuke lililofunikwa kwa bati laini. Basi ngazi husimamishwa wima mno, ikawa rahisi kupinduka nyuma, au hulazwa mno, ikawa rahisi kuteleza, au hufungwa kwa kipande cha waya na mtu wa kwanza kupanda, ambaye kwa kupanda kwake kwenda kuifunga tayari amekwisha kuwa hatarini.

Zaidi ya hayo, kazi za matengenezo hazifanani na kazi ya kubandika bango. Fundi huvuta, husukuma, hugonga kwa nyundo, huinua mota ndogo kwa bega, hupokea cheche za kuchomelea. Shauri la kushika ngazi kwa viungo vitatu wakati wote, miguu miwili na mkono mmoja au mikono miwili na mguu mmoja, ni zuri kwa mtu anayepanda na kushuka, lakini halina jibu kwa fundi ambaye kazi yake haifanyiki bila mikono miwili. Anapokuwa chini tunamwambia ashike ngazi, na anapokuwa juu tunamwambia akaze nati. Kuanguka kwenyewe, kutoka mita tatu, hakumalizi sekunde moja, na mwili hufika chini ukiwa na mwendo wa kilomita zipatazo 28 kwa saa. Hakuna muda wa kushika chochote.

Wako watakaosema kwamba dawa ni mkanda wa usalama. Mkanda ni kifaa kizuri, nami sina ugomvi nao, lakini nimewaona mafundi wakiufunga kwenye ngazi yenyewe, jambo ambalo huhakikisha tu kwamba ngazi na mtu vitaanguka pamoja. Hata ukifungwa kwenye boriti imara, kamba ya kawaida ya karibu mita mbili yenye kifaa cha kupunguza mshtuko huhitaji nafasi tupu ya zaidi ya mita tano chini ya mahali ilipofungwa, ukijumlisha urefu wa kamba, kunyooka kwa kile kifaa na kimo cha mtu mwenyewe. Fundi aliye mita tatu na nusu juu ya sakafu, kamba yake ikiwa imefungwa usawa wa kiuno, atafika chini kabla kamba haijamaliza kazi yake. Na sehemu kubwa ya ajali ninazozizungumzia hutokea katika vimo hivyohivyo vya kati, ambavyo watu huviona vidogo.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi mahali pake, naomba maneno hayo yasomwe vizuri, watu wote wanaofanya kazi, si walio kwenye orodha yake ya mishahara tu. Inamtaka afanye tathmini ya hatari, inataka mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na inataka ukaguzi wa usalama ufanywe na mtu aliyehitimu angalau mara moja kila baada ya miezi 12. Kuhusu ujenzi tunazo kanuni tangu mwaka 1984 zinazozungumzia majukwaa na ngazi. Lakini meneja wa kiwanda hajioni kuwa yuko kwenye ujenzi, naye mkandarasi wa matengenezo hajioni kuwa yuko kiwandani kwake, na kati ya hao wawili ndipo fundi anapopandia ngazi.

Sheria hiyohiyo ina kifungu ambacho ningependa kila kibarua akijue. Mfanyakazi akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu, anatakiwa amwarifu msimamizi wake, na msimamizi hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo hadi hatari iondolewe. Aliyeondoka kwa sababu hiyo hapaswi kufukuzwa wala kuadhibiwa. Ni kifungu kizuri. Hata hivyo, mtu anayeitwa kazini asubuhi langoni kwa kunyooshewa kidole, na ambaye kesho ataitwa au hataitwa kwa hiari ya msimamizi yuleyule, hahitaji kufukuzwa ili aadhibiwe. Inatosha asiitwe. Kwa hiyo haki ya kukataa kupanda, ambayo ndiyo kinga ya mwisho ya fundi, iko mikononi mwa wale wasioihitaji sana, yaani waajiriwa wa kudumu wenye chama na barua za ajira, na imewakimbia wale wanaopelekwa juu mara nyingi zaidi. Mkandarasi ambaye amepewa zabuni kwa bei ya chini kabisa hana fedha za jukwaa, na aliyempa zabuni alilijua hilo alipofungua bahasha.

Kuhusu fidia nitasema machache. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ambayo wengi wanaijua kwa kifupi cha WIBA, nayo ni ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri akate bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, na inakokotoa fidia ya ulemavu wa kudumu kwa msingi wa mapato ya miezi 96 kulingana na kiwango cha ulemavu. Kwa mtu mwenye mshahara wa maana hiyo ni fedha ya kuanzia maisha mapya. Kwa kibarua, ambaye mapato yake yenyewe hayana karatasi, mzozo huanza kwenye hesabu ya kwanza kabisa: alikuwa akilipwa nini, na na nani. Ndugu wa kijana niliyemtaja walizunguka kati ya ofisi ya kiwanda na ya mkandarasi kwa muda mrefu, kila mmoja akiwaelekeza kwa mwenzake.

Turudi kwenye kinga. Nimesikia mara nyingi kwamba kuondoa ngazi kiwandani ni ndoto ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba Uingereza, kwa kanuni zake za mwaka 2005 kuhusu kazi za mahali pa juu, inamtaka mwajiri kwanza aiepuke kazi ya juu kabisa inapowezekana, kisha azuie mtu asianguke, na mwisho kabisa apunguze madhara ya kuanguka. Ngazi inaruhusiwa kwa kazi fupi zenye hatari ndogo, na mamlaka ya usalama wa kazi ya huko inashauri mtu asizidishe dakika 30 kwa mara moja juu ya ngazi ya kuegemeza. Lakini hatua ile ya kwanza, ya kuiepuka kazi ya juu, haihitaji utajiri. Inahitaji mtu akae chini na kuuliza ni kitu gani kinachowapandisha mafundi wetu.

Nimeshiriki katika zoezi la namna hiyo na matokeo yake yalinishangaza kwa urahisi wake. Sehemu kubwa ya safari za juu zilikuwa za kupaka grisi. Bomba dogo la shaba, lenye unene wa kidole kidogo, likifungwa kwenye chuchu ya beringi, yaani mdomo wa kutilia grisi, na kuteremshwa ukutani hadi usawa wa kifua, humfanya fundi apake grisi akiwa amesimama sakafuni, na mtu wa karakana huyafunga mabomba manane kwa siku moja. Vali iliyokuwa ikifunguliwa kwa kupandiwa iliwekewa gurudumu la mnyororo, ukining'inia hadi mkononi. Swichi iliyokuwa juu ya fremu kwa sababu tu aliyefunga umeme alikuta waya unaishia pale, ilishushwa. Taa za ukumbi zilifungwa kwenye kamba ya chuma yenye roda, zikawa zinateremshwa kubadilishwa. Mahali palipobaki, ambapo mtu hana budi kupanda na kufanya kazi kwa mikono miwili, palijengewa jukwaa dogo la chuma cha pembe na kingo za kiunoni, likachomelewa na welda wetu wenyewe kwa vyuma vilivyokuwa vikishika kutu nyuma ya karakana. Mhasibu, ambaye alikuwa amejiandaa kupinga, hakupata cha kupinga.

Faida nyingine ilijitokeza ambayo hatukuitarajia. Beringi ambazo zamani zilikuwa zikirukwa kwa sababu hakuna aliyetaka kupanda, sasa zilikuwa zikipakwa grisi kwa wakati, na mota zikapungua kuungua. Nalitaja hili kwa ajili ya wenye viwanda ambao hawashawishiki na mguu wa mtu kuvunjika lakini hushawishika na mtambo kusimama.

Sisemi ngazi zitupwe. Zitaendelea kuwepo, na zikiwepo zitunzwe: kila moja iwe na namba na tarehe ya kukaguliwa, miguu yake iwe na mpira ambao haujalika, ipite angalau mita moja juu ya ukingo inapotumika kupandia darini, ya alumini isikaribishwe kwenye nyaya za umeme za winchi, na ya mbao isipakwe rangi, maana rangi huficha nyufa. Zile ngazi za kubuni, za vipande vya mbao vilivyopigiliwa misumari na mafundi wa ujenzi wakaondoka wakiziacha, zikatwe kuni siku hiyohiyo.

Kuhusu ngazi ndefu za kudumu zilizofungwa kwenye silo na matangi, ninataka kuondoa imani moja. Vizimba vya chuma vinavyozizunguka humpa mpandaji moyo, na nimewasikia wakaguzi wakivisifu, lakini havimzuii mtu kuanguka. Humwelekeza tu aangukie wapi, akigongwa na pete moja baada ya nyingine. Marekani imekwisha kulikubali jambo hilo. Tangu Novemba 2018, ngazi mpya ya kudumu huko inayozidi futi 24, yaani kama mita saba na robo, haihesabiwi kuwa salama kwa sababu ya kizimba, bali lazima iwe na reli au kamba inayomshika mpandaji, na ngazi zote za zamani za kimo hicho zimepewa hadi Novemba 2036 kufuata. Viwanda vinavyosimikwa leo Mombasa na Naivasha vitakuwa bado vinafanya kazi mwaka huo, kwa hiyo sioni sababu ya kuvifungia leo vizimba ambavyo wengine wanaviacha.

Na mtu akishaanguka, tafadhalini, asiinuliwe kwa makwapa na kuketishwa kitini. Desturi yetu ya kumsaidia aliyeanguka asimame haraka, ili aonekane hakuumia, imewaongezea watu ulemavu wa uti wa mgongo. Aachwe alale alivyo, shingo yake isitikiswe, msaada uitwe. Aliyegonga kichwa asiruhusiwe kurudi kazini wala kwenda kulala nyumbani peke yake hata akisema yuko sawa, kwa sababu damu inayovuja ndani ya fuvu yaweza kuchukua saa kadhaa kabla haijajionyesha, na katika saa hizo huwa anazungumza na kucheka na wenzake. Kofia za kazi za juu ziwe na kamba za kidevuni, na kamba hizo zifungwe. Bei yake haifiki bei ya chakula cha mchana cha meneja.

Ombi langu kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ni dogo na linaweza kutekelezwa bila sheria mpya. Ule ukaguzi wa kila mwaka udai orodha moja ya ziada: kazi zote za matengenezo zinazofanyika kutoka kwenye ngazi katika kiwanda husika, kila moja hufanyika mara ngapi kwa mwaka, na imepangwa kuondolewa ngazini lini. Mwaka unaofuata mkaguzi aanze kwa kuilinganisha orodha mpya na ya zamani. Kiwanda ambacho orodha yake haijapungua kieleze sababu kwa maandishi, na wakandarasi wa kiwanda hicho waorodheshwe pamoja na kazi zao, ili asiwepo atakayejitetea kwamba kijana aliyeanguka hakuwa wake. Kwa vyama vya wafanyakazi, naomba suala la kibarua aliyekataa kupanda liwemo katika mikataba ya pamoja, liandikwe kwa maneno yasiyokwepeka.

Nawe Mhariri, habari za aina hii zikifika mezani kwako, najua mara nyingi hupewa mistari mitatu katika ukurasa wa ndani, zikinukuu maneno ya kampuni kwamba uchunguzi unaendelea. Naomba mwandishi wako aongeze maswali mawili tu kabla ya kuituma habari: kazi ile hufanywa mara ngapi kwa mwaka mahali pale, na kwa nini mahali pale hapajajengewa jukwaa.

Fundi mitambo mstaafu,
Changamwe, Mombasa.